Ubungo hadi Feri kwa miguu: Kilomita 10 za kumfundisha mtoto barabara

Wakazi wengi wa Dar es Salaam wanaijua Barabara ya Morogoro kupitia dirisha la gari. Wanaijua foleni yake, wanavijua vituo vya mwendokasi kwa majina na kwa mpangilio, na wanajua mahali ambapo konda huwaambia abiria waliosimama wainame kwa sababu mbele kuna trafiki. Lakini wapo wanaoijua kwa nyayo, na hao si wachache. Ni mafundi wanaotoka nyumbani giza halijaisha, kina mama wenye ndoo za vitumbua kichwani, vijana wa vibarua wanaobana nauli ili jioni wapate unga, na watoto wa shule.

Hao wa mwisho ndio wanaostahili kuangaliwa zaidi. Nauli ya mwanafunzi ni Sh200, na kila mzazi wa jijini anajua maana yake kituoni asubuhi. Konda akiona sare nyeupe na bluu, mlango unakuwa mzito. "Denti wawili tu!" Waliobaki wanasubiri gari jingine, au wanaamua kutembea. Hata wanaopanda hutumia fedha ambayo si ndogo kwa nyumba yenye mapato ya kuungaunga. Watoto wawili, kwenda na kurudi, ni Sh800 kwa siku. Kwa siku 20 za masomo ni Sh16,000 kwa mwezi.

Kwa hiyo mtoto atatembea, mzazi akipenda asipende. Swali ni kama ameshaonyeshwa njia na mtu mzima anayemjali, au ataachwa ajifunze mwenyewe kati ya bodaboda na malori. Ndiyo maana safari ya kutoka Ubungo hadi Feri kwa miguu, Jumamosi moja asubuhi, ina thamani kuliko matembezi mengi ya wikiendi. Ni kama kilomita 10. Mtu mzima huimaliza kwa saa mbili. Akiwa na mtoto, mapumziko ya chai na maswali yasiyoisha, ahesabu saa tatu na nusu. Mtoto wa darasa la nne au la tano ataiweza kwa mwendo wa taratibu. Mdogo zaidi anaweza kuishia Magomeni na kurudi kwa mwendokasi.

Vinavyohitajika ni viatu vilivyozoeleka mguuni, kofia na chupa ya maji. Muda mzuri wa kuanza ni saa 12 na nusu, kabla jua halijachukua lami yote.

Ubungo, chini ya daraja

Safari inaanzia pale ambapo kwa miaka mingi nchi nzima ilikuwa ikishukia. Kituo cha mabasi ya mikoani kilikuwa hapa Ubungo mpaka mwaka 2021, kilipohamia Mbezi Luis. Mwaka huohuo ilizinduliwa barabara ya juu ya Kijazi, yenye ngazi tatu, inayoipitisha Barabara ya Morogoro na ile ya Mandela na Sam Nujoma bila magari kukutana uso kwa uso.

Kwa dereva, daraja hili liliondoa kero kubwa. Kwa anayetembea, makutano makubwa ni jambo jingine. Gari linapanda na kushuka bila kusimama, lakini miguu inabaki chini, nayo inatakiwa kuzunguka nguzo, kingo na magari yanayokata kona. Hapa mzazi apunguze mwendo na kumwachia mtoto kazi ya kwanza: aangalie watu wazima wanavukia wapi. Atagundua haraka kwamba wengine wanafuata kivuko na wengine wanafuata njia ya mkato.

Njia ya mkato ina sababu yake. Mtu mwenye mzigo kichwani hapendi kuzunguka mita 200 ili afike mahali anapopaona mbele yake. Wahandisi wa barabara duniani kote wamejifunza jambo hilo kwa shida: kivuko kikiwekwa mbali na mahali watu wanapokwenda, watu watavuka pasipo kivuko. Kumkemea mpita njia peke yake hakujawahi kutosha. Lakini mtoto aelezwe wazi kwamba kuona kundi la watu wazima wakikimbia katikati ya magari hakumaanishi kuwa mahali pale ni salama. Mtu mzima ana kimo cha kuonekana na dereva. Mtoto akijitokeza mbele ya daladala iliyosimama, dereva wa gari linaloipita anamwona akiwa tayari yuko barabarani.

Shekilango hadi Urafiki: mtoto anavuka barabara tatu

Mabasi yaendayo haraka yalianza kazi Mei 2016. Awamu ya kwanza, karibu kilomita 21 kutoka Kimara kwenda Kivukoni pamoja na matawi ya Kariakoo na Morocco, haikuleta mabasi peke yake. Ilileta pia njia za watembea kwa miguu na za baiskeli pembeni, jambo ambalo barabara nyingi za jiji hazikuwa nalo. Mwaka 2018 Dar es Salaam ikawa jiji la kwanza la Afrika kupata Tuzo ya Usafiri Endelevu kwa kazi hiyo.

Kati ya Shekilango na Urafiki, njia hiyo ya pembeni inampa mtoto nafasi ya kutembea bila kushikwa mkono kila hatua. Mazungumzo nayo yanaanza. Kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa China miaka ya 1960, ni mwanzo mzuri wa hadithi ya khanga na vitenge vya bibi. Lakini somo kubwa la kipande hiki ni kuvuka.

Vituo vya mwendokasi viko katikati ya barabara. Anayetaka kufika upande wa pili havuki barabara moja, anavuka tatu. Kwanza ni njia za magari ya kawaida, kisha njia za mabasi zenye pande mbili, kisha tena njia za magari ya kawaida. Kwa kuwa Tanzania magari hukaa kushoto, hatari ya kwanza hutoka kulia. Akifika njia ya mabasi, basi la kwanza nalo hutoka kulia, lakini la pili hutoka kushoto. Mwisho, magari ya upande wa mbali hutoka kushoto. Kulia, kulia, kushoto, kushoto. Mtoto akiimba maneno hayo mara tatu hayasahau. Kisha aongezewe la tano, ambalo halimo katika kitabu chochote: bodaboda inaweza kutoka upande wowote. Kwa hiyo shingo igeuke pande zote mbili kila mara.

Njia ya mabasi inadanganya. Kwa kuwa haina foleni, huonekana tupu, na utupu huo unawavuta watu waifanye njia yao. Basi refu la mwendokasi likishachanganya mwendo haliwezi kusimama kama bajaji, na njia iliyokuwa tupu sasa hivi inakuwa na basi kabla mtoto hajafika nusu.

Hesabu yake ni rahisi na inafaa kufanywa palepale pembeni. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwendo wa juu unaoruhusiwa maeneo ya makazi, hukata karibu mita 14 kila sekunde. Dereva akihitaji sekunde moja tu kushtuka, mita hizo 14 zimekwisha kabla mguu haujagusa breki. Breki nzuri kwenye lami kavu zitataka mita nyingine kama hizo. Jumla ni karibu mita 28. Kwa kilomita 30 kwa saa, gari hilohilo husimama ndani ya mita 13 hivi. Mzazi apime mita 28 kwa hatua zake, mtoto asimame mwisho wa hatua hizo, kisha watazamane. Umbali huo hufundisha kuliko onyo la mdomo.

Si hofu ya bure. Shirika la Afya Duniani limeeleza kuwa ajali za barabarani ndizo zinazoongoza duniani kwa kuua watu wenye umri wa miaka mitano hadi 29. Zinawazidi hata magonjwa ambayo wazazi huamka usiku kuyahofia.

Manzese: njia ni ya nani?

Baada ya Tip Top harufu inabadilika. Kuna mihogo ya kukaanga na kachumbari, kuna chapati zinazogeuzwa kwa mkono, kuna marobota ya mitumba yanayofunguliwa na vijana wakipiga kelele za bei. Manzese ni moja ya maeneo yenye watu wengi waliobanana zaidi jijini, na nyumba za watu wengi zina chumba na kibaraza tu. Maisha yanamwagika nje, na nje ni pembezoni mwa barabara.

Hapa swali la njia linakuwa swali la familia mbili. Upande mmoja kuna mtoto anayetaka kupita. Upande mwingine kuna mama aliyetandika turubai lake la nyanya palepale anapopita, na nyanya hizo ndizo zinazomsomesha mtoto wake. Mwishoni mwa mwaka 2021 wamachinga waliondolewa pembezoni mwa barabara za miji mingi nchini na kupelekwa katika maeneo yaliyopangwa. Njia zilipanuka, watembea kwa miguu wakapumua, na wapo waliopoteza wateja. Baadaye, taratibu, meza moja moja zikaanza kurudi katika maeneo mbalimbali, kwa sababu mteja wa mchicha ni yuleyule anayetembea.

Anayepita hapa na mtoto ataona kwamba muuza mchicha si adui wa mtembea kwa miguu. Wanategemeana. Mahali penye wauzaji pana macho ya watu, na mtoto wa shule anayepita alfajiri yupo salama zaidi mbele ya mama muuza maandazi anayemfahamu kwa sura kuliko kwenye njia tupu yenye giza. Tatizo linaanza njia inapozibwa yote. Hapo mtoto analazimika kushuka kwenye lami, mgongo wake ukiwa umeelekea magari. Nafasi ya watu wawili kupishana ingetosha.

Anayeziba njia bila sababu ya njaa ni mwingine: gari lililoegeshwa juu ya njia ya miguu, bodaboda inayokwepa foleni kwa kupanda ukingoni, na mfuniko wa mtaro ulioibwa ukaacha shimo. Mtoto apewe kazi ya kuhesabu mara ngapi wamelazimika kushuka kwenye lami kutoka Tip Top hadi Mwembechai. Aandike kwenye karatasi, na mahali penyewe. Karatasi hiyo itakuwa na kazi baadaye.

Kanuni moja haipaswi kusahaulika hapa. Njia ikikosekana kabisa, anayetembea akae upande wa kulia wa barabara, ili magari ya upande wake yamjie usoni. Dereva akikosea, mtembeaji anamwona. Mtu mzima akae upande wa magari, mtoto upande wa ndani.

Magomeni: chai, na mwalimu aliyetembea

Magomeni ni mahali pa kupumzika. Nusu ya safari na zaidi imekwisha, jua limeanza kuuma, na migahawa ya uani ina chai ya rangi yenye tangawizi, supu na chapati. Mtoto avue viatu dakika kumi. Kama kuna lengelenge, hapa ndipo pa kuamua kama safari iendelee au kadi ya mwendokasi itolewe. Kurudi nyumbani si kushindwa.

Mitaa ya ndani ya Magomeni ipo nyumba aliyoishi Mwalimu Julius Nyerere wakati wa harakati za Uhuru, ambayo sasa ni makumbusho. Inafaa kwa hadithi ya mwenda kwa miguu mashuhuri kuliko wote nchini. Oktoba 1967, miezi michache baada ya Azimio la Arusha, Nyerere akiwa Rais alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200, kuwaunga mkono vijana waliokuwa wakitembea sehemu mbalimbali za nchi kulipongeza Azimio hilo.

Mtoto anayesikia kwamba Rais alitembea siku nyingi kwenye vumbi, huku magari ya Serikali yakiwepo, huenda akaacha kuona haya. Maana aibu ipo. Jijini, kutembea kumegeuzwa alama ya kukosa. Kijana akipata kazi, jambo la kwanza ni pikipiki. Mwanafunzi anayeshushwa na gari getini anatazamwa tofauti na yule anayefika na vumbi kwenye soksi. Mzazi anaweza kulivunja hilo kwa kutembea naye mwenyewe, hadharani, siku ambayo nauli ipo mfukoni.

Jangwani: bonde lisilosahau

Kutoka Magomeni Mapipa barabara inateremka. Upepo unaanza kuja na harufu ya matope. Hili ni bonde la Mto Msimbazi, unaotoka kwenye vilima vya Pugu na kumwaga maji yake baharini karibu na Daraja la Salenda.

Siku ya kiangazi bonde hili ni viwanja vya mpira, mabanda na anga kubwa. Siku ya mvua ni habari nyingine. Maji hupanda mpaka barabarani, magari husimamishwa, na jiji hukatwa vipande viwili. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu na kuzifanya familia nyingi za bondeni zihamishiwe Mabwepande. Hata karakana ya mabasi yaendayo haraka, iliyojengwa hapa, imeshavamiwa na maji zaidi ya mara moja. Mradi wa kuliendeleza Bonde la Msimbazi umeweka katika mipango yake daraja jipya lililo juu zaidi ya hili.

Kwa familia, somo la Jangwani ni fupi na halina mjadala. Maji yakiwa yanapita juu ya barabara, mtoto havuki. Haijalishi kama wengine wanavuka, haijalishi kama kuna vijana wanaowabeba watu mgongoni kwa malipo. Maji machafu hayaonyeshi mtaro ulio wazi, na maji yanayofika magotini mwa mtu mzima yanaweza kumsomba mtoto. Ni vyema kukubaliana mapema, siku ya jua, mahali ambapo mtoto atasubiri: kwa shangazi, dukani kwa mtu anayefahamika, au shuleni na mwalimu wa zamu. Asiache kuambiwa kwamba siku hiyo kuchelewa nyumbani si kosa.

Fire, Kariakoo na watu wa baiskeli

Baada ya bonde kuna kupanda kidogo hadi Fire. Upande wa kulia, kupitia Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo inaanza kuvuta watu. Hapa ndipo jiji linapoonyesha nani hasa hubeba mizigo yake. Mikokoteni inasukumwa kwa kifua. Maguta yamepakiwa magunia mpaka anayeendesha haonekani kwa nyuma. Baiskeli za Phoenix zimebeba madafu yaliyopangwa kama kuta mbili, au tenga la samaki lililofungwa kwenye keria kwa mpira wa tairi. Muuza kahawa anapita akigonganisha vikombe, na sauti yake inatangulia birika.

Jina Kariakoo lenyewe limetoka kwa waliotembea. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Waingereza waliwakusanya Waafrika wengi mno kuwa wapagazi wa jeshi, kikosi kilichoitwa Carrier Corps. Ulimi wa Kiswahili ukalilainisha jina hilo. Wengi wa wapagazi walikufa njiani kwa maradhi, njaa na uchovu. Kila anayesema "nakwenda Kariakoo" analitaja jina lao bila kujua.

Baiskeli ndicho chombo ambacho watoto wengi wa mjini wanakitamani na wazazi wengi wanakiogopa. Hofu hiyo ina msingi. Nje ya barabara chache zenye njia yake, mwendesha baiskeli anabanwa kati ya daladala inayochomoa na mtaro ulio wazi. Umoja wa Waendesha Baiskeli Dar es Salaam, UWABA, umekuwa ukidai njia salama kwa miaka mingi. Fundi wa baiskeli chini ya mti anaweza kumpa mzazi ushauri wa bure: breki zote mbili zishike, cheni isilegee, kengele ilie, na nyuma kuwe na kiakisi mwanga. Uwanja wa mtaa jioni ndio mahali pa kujifunzia, na wasichana wapewe zamu sawa na kaka zao. Barabara kubwa isubiri mpaka mtoto aweze kugeuka nyuma kutazama bila baiskeli kuyumba.

Kutoka Fire barabara inaelekea DIT, na Mnazi Mmoja inajitokeza na miti yake. Uwanja huu wakoloni waliuacha wazi uwe mpaka kati ya mji wa katikati na makazi ya Waafrika ya Kariakoo. Kuvuka hapa kulikuwa ni kutoka dunia moja kuingia nyingine. Leo watoto wanaukata uwanja huo wakila miwa, wala hawajui kwamba palikuwa na mpaka.

Posta hadi Feri

Ndani ya mji majengo yanatoa kivuli na mwendo unakuwa mwepesi. Mitaa ni mifupi, magari yanakwenda taratibu, na mtu anaweza kutazama juu. Hili nalo ni somo: mahali magari yanapokwenda polepole, hata barabara nyembamba inatembeka. Anayependa achepuke hadi Mtaa wa Samora, kwenye sanamu ya Askari iliyozinduliwa mwaka 1927. Maandishi yake yanawakumbuka askari wa Kiafrika waliopigana katika vita ile na wapagazi wao, walewale wa Kariakoo.

Kisha ni Posta ya Zamani, Kanisa la Azania Front na mnara wake, na bahari. Hewa ya chumvi inamrudishia mtoto nguvu aliyodhani imekwisha Jangwani. Mbele ni Kivukoni, ambako wenyeji husema Feri: soko la samaki, kelele za mnada, na pantoni inayokwenda na kurudi Kigamboni. Mlango wa pantoni ukifunguliwa, watu wanamwagika kwa mamia, na wengi wao wako kwa miguu: wauza samaki, mafundi, wanafunzi, mwanamume anayesukuma baiskeli yenye magunia mawili ya mkaa. Mtoto aliyeanza safari akidhani wao wawili tu ndio wanaotembea ataona hapa jiji likitembea.

Baada ya pweza au dafu, kurudi ni kwa mwendokasi. Kituo kiko palepale, na kutoka kwenye kiti mtoto atakuwa akinyoosha kidole: pale tulishuka kwenye lami, pale tulikunywa chai, pale shimo lile.

Karatasi ile ipelekwe wapi

Safari haina maana kubwa kama karatasi ya mtoto itabaki mfukoni. Mashimo, vivuko vilivyofutika na mahali pa kushuka kwenye lami vina wenyewe. Barabara kuu kama ya Morogoro iko chini ya TANROADS. Barabara za mitaa, ambako shule nyingi zipo, ziko chini ya TARURA. Mzazi asiyejua tofauti hiyo huzungushwa kutoka mlango hadi mlango. Hatua nyepesi ni kuanzia kikao cha wazazi shuleni, barua ikapitia kwa mwalimu mkuu na mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ikiwa na mahali palipotajwa kwa jina na saa ambayo watoto hupita. "Barabara ni hatari" haijibiki. "Watoto wanavuka hapa saa 1 asubuhi na zebra imefutika" inajibika.

Na inawezekana, kwa sababu Dar es Salaam imeshalifanya. Shirika la Amend liliboresha njia kuzunguka shule za msingi za jiji hili zilizokuwa na ajali nyingi, kisha likafanya hivyo katika miji mingine ya Afrika. Hakukuwa na madaraja wala mabilioni. Yaliwekwa matuta, vivuko, njia za miguu, alama na nguzo fupi za kuzuia magari yasipande ukingoni, na kuna mahali ambapo geti la shule lilihamishiwa upande wa barabara tulivu. Wanafunzi wakafundishwa jinsi ya kuvuka. Majeruhi walipungua kwa zaidi ya robo, na mwaka 2019 mradi huo ulipata tuzo ya kwanza ya miji, Ross Prize for Cities, inayotolewa na World Resources Institute.

Wakati barua inasubiri majibu, wazazi wa mtaa mmoja wanaweza kupanga zamu. Watoto kumi wa njia moja, mtu mzima mmoja mbele, mmoja nyuma, kituo cha kukutania na saa isiyobadilika. Mama wa Jumatatu si mama wa Jumanne, kwa hiyo hakuna anayechelewa kazini kila siku. Kundi linaonekana na dereva kuliko mtoto mmoja, na kina mama wa vitumbua wakishalizoea, mtoto asipopita watauliza yuko wapi.